Maman Vunja na Mlango wa Nyumba ya Mwanawe

Padri Cyprien, ndugu wa Mumosho, wakwe zetu, majirani wa Kadutu na Nyalukemba, masista wa dispensari, na ninyi nyote mliopanda na kushuka milima hii kwa miguu kumsindikiza marehemu: poleni, na asanteni kwa kufika. Anayesoma ni Emérence, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya watu wa nyumbani kwao. Tuliombwa tuandike maneno machache na mazuri. Mazuri yapo. Machache, hapana, maana mjukuu wake Grégoire, mtoto wa miaka miwili, amelala na surua leo hii ndani ya nyumba iliyofungwa kule Nyalukemba, na marehemu amekufa akitaka mtoto huyo atolewe. Basi tusikilizane mpaka mwisho, halafu tutaona kama jeneza linashuka au halishuki.

Marehemu Eulalie M'Zihindula alizaliwa Mumosho tarehe 19 Mei 1938, mtoto wa tatu wa mzee Zihindula, aliyekuwa na shamba la migomba juu ya mto Ruzizi, na mama M'Kaboyi. Mama yetu alikuwa akisema kwamba Eulalie alitoka tumboni ngumi zimekunjwa, na mkunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa. Kaka zake wenyewe walimwogopa. Siku moja kijana wa jirani alimtupia Emérence jiwe, likamkosa. Eulalie akamkimbiza mpaka mtoni, akamzamisha kichwa, akamtoa, akamzamisha tena, mpaka yule kijana akaapa kwa Bikira Maria kwamba hatashika jiwe tena maisha yake. Katekista alipomwuliza Eulalie kama anajuta, alijibu kwamba anajuta, kwa sababu alimtoa majini haraka. Alipewa adhabu ya kufagia kanisa, akafagia huku anaimba.

Alisoma shule ya msingi kwa masista. Mwaka 1952 walimleta mjini, mji ungali unaitwa Costermansville, asomee uuguzi msaidizi. Alipopata diploma yake mwaka 1956 mji ulikuwa umerudia jina lake la Bukavu. Alipenda kusema kwamba yeye na mji walifaulu mtihani pamoja.

Tarehe 16 Julai 1960 alifunga ndoa na Polycarpe Bashizi, karani wa posta, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watu walimwuliza anaishije na mwanamke wa namna ile. Alijibu, "Mimi nafungua mulango mbele ya yeye kubisha." Walipendana, na hilo tuliliona kwa macho. Mwaka 1964 Mungu akawapa mtoto wa kwanza, Ignace.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mengine yote yametoka hapa. Mwezi wa Agosti 1967 mamluki waliingia mjini na bunduki zao, maiti zikalala barabarani, na watu wakakimbia. Eulalie na Polycarpe walikimbilia Kabare kwa wazazi wa Polycarpe, Ignace mgongoni. Walipofika mtoto akashikwa na surua. Wote tunajua desturi. Mlango unafungwa, kitambaa chekundu kinatundikwa, mgeni haingii. Mtoto hapewi maji, anapakwa kasiksi, pombe ya ndizi, mwilini ili vipele vitoke vyote nje. Na juu ya yote, sindano ni mwiko: wanasema inarudisha surua ndani, nayo inakwenda kukaa moyoni. Surua ilipomshuka Ignace kifuani, Eulalie alikuwa na penisilini na sindano yake. Lakini mama mkwe alisimama mlangoni, na kwetu mke hamwinulii mama mkwe sauti, hata macho hamwinulii. Eulalie, aliyezamisha watu mtoni, alipiga magoti nje ya mlango ule na kuomba kwa adabu. Aliomba mpaka akamsikia mtoto ananyamaza. Ignace alikufa tarehe 3 Septemba 1967, na alizikwa kule kule, kwa sababu barabara ya mjini ilikuwa imefungwa na vita.

Tangu siku ile hakupiga magoti tena isipokuwa kanisani. Mpaka Jumatatu ya wiki hii alikuwa anarudia maneno yale yale: "Nilikuwa nayo dawa mufukoni, nikapiga magoti."

Mwaka 1971 aliingia kazini katika dispensari ya watoto kule Kadutu, na hakutoka tena. Mwaka uliofuata serikali ilikataza majina ya ubatizo, akaandikwa Nsimire. Lakini kule mtaani hakuna aliyemwita Nsimire wala Eulalie. Wote walimwita Maman Vunja. Akisikia kwamba kuna nyumba imetundika kitambaa chekundu, alivua kitenge cha juu, akakifunga kiunoni, akaenda. Alibisha mara moja kwa heshima. Wasipofungua, aliingia kwa bega. Bega likishindwa, aliingia kwa teke, na teke likishindwa, alikwenda kwa jirani kuazima shoka. Alipigwa fimbo, alimwagiwa maji ya moto, mbwa walimng'ata paja. Naye alipiga, tusimfanye malaika. Kuna wanaume wazima mmesimama hapa mnaojua uzito wa kofi lake, na tunawaona mnavyotazama chini.

Papa Philémon, seremala, yuko kati yetu. Mwaka 1974 binti yake Jeanine alikuwa na surua, na Philémon alikuwa amejitengenezea mlango wa mbao ngumu ya libuyu, akajisifu mtaa mzima kwamba Maman Vunja atavunja bega kabla ya mlango. Marehemu alifika, akautazama ule mlango, akachukua nyundo kubwa ya Philémon mwenyewe iliyoachwa uani, akaupasua katikati. Philémon akampiga na ubao mdomoni, meno mawili ya mbele yakatoka. Eulalie akayatema mkononi, akayatia mfukoni, akambeba Jeanine mpaka dispensari damu ikimtiririka kifuani, wanawake barabarani wakidhani mtoto ndiye aliyechinjwa. Jeanine alipona. Baada ya wiki Philémon alikuja na kiti kipya kuomba msamaha. Marehemu akamwuliza, "Hiki kiti nikikalie, ao nikupasulie kichwa?" Kisha akakikalia, wakanywa chai. Kuanzia hapo Philémon ndiye aliyetengeneza upya milango yote aliyoivunja marehemu, na walibishana kila mara kuhusu bawaba.

Msidhani aliwapigania watoto dhidi ya wazazi wao peke yao. Alijua kutoka Kadutu kushuka hospitali kubwa ni safari ya namna gani siku ya mvua, matope mpaka magotini, mtoto mgongoni pumzi zinakwisha, na mama akifika anaambiwa arudi kesho. Kuna karani wa hospitali moja, hatutaitaja, aliyemwambia mama mwenye mtoto anayetapika damu arudi Jumatatu. Eulalie alimvuta kwa tai juu ya meza, makaratasi yakaruka, akamwambia, "Basi na wewe kufa leo, tutakuzika Jumatatu." Mtoto alipokelewa. Karani aliomba kuhamishwa. Ilipokuja chanjo ya surua, marehemu alifurahi kama bibi harusi, akasema sasa milango ya Kadutu itapumzika. Ilipumzika kidogo tu, maana si kila mtoto aliipata.

Sasa tunafika kwenye habari ambayo familia haikupenda isomwe. Mwaka 1985, mwezi wa Novemba, mke wa sajenti mmoja alimleta mtoto wake dispensari kwa kujificha. Alikuwa amechelewa mno. Mtoto alikuwa amekwisha badilika midomo. Eulalie alimchoma sindano hata hivyo, kwa sababu hakujua kukaa tu na kutazama. Mtoto akafia mapajani mwake. Yule sajenti alikuwa mtu wa mbali, hana ndugu hapa, na huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee. Jioni alikuja nyumbani kwa marehemu na askari wenzake wawili, akiwa amekunywa, analia, anapiga kelele kwa Kilingala, "Obomi mwana na ngai! Umeua mutoto wangu!" Walimpiga Polycarpe kwa buti mpaka akazimia, na nyonga yake haikupona tena. Évariste, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walimfunga kwenye nguzo ya mlango, wakamvua shati, na sajenti akamchapa kwa mkanda wa jeshi upande wa chuma, mama yake akiwa ameshikwa nywele alazimike kutazama. Kila akishusha mkanda alisema, "Hii ni sindano. Na hii ni sindano." Eulalie alimng'ata mkono yule aliyemshika, akajitupa juu ya mwanawe, na hapo ndipo alipopigwa kitako cha bunduki juu ya sikio la kushoto. Sikio hilo halikusikia tena mpaka amekufa.

Hakuna aliyeshitakiwa. Ungeshitaki wapi? Jumatatu Eulalie alirudi kazini na bandeji kichwani. Évariste, mgongo umepasuka, alilala kifudifudi akamwambia, "Maman, acha hii kazi. Nakuomba." Marehemu akamjibu kwamba kuna watoto wanangoja. Mtoto akageuza uso ukutani. Sisi tulikuwemo chumbani, tuliuona uso ule. Eulalie hakuuona, alikuwa anatafuta viatu vyake. Alimpenda mwanawe kuliko pumzi yake, lakini siku ile alimpoteza, na alikuja kujua baadaye sana.

Polycarpe aliaga dunia tarehe 4 Februari 1989. Évariste alikua, akasoma, akapata kazi ya ofisi, na mwaka 1991 akamwoa Georgette, msichana wa Bunyakiri, mwenye heshima, ambaye marehemu alimpenda kama binti yake. Georgette alikwenda kujifungulia kwao Bunyakiri, na kwa sababu ya fujo za njiani akakaa huko na mtoto zaidi ya mwaka. Basi Grégoire akapitisha umri wa chanjo bila kuchanjwa. Mjukuu wa Maman Vunja! Alipogundua, marehemu alisema atamchanja mwenyewe, lakini wakati huo friji ya dispensari ilikuwa imekwisha bebwa na waporaji pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Mwezi uliopita wakimbizi walijaa mjini, watu wakalala shuleni, makanisani na kando ya barabara, na surua ikapita katikati yao mpaka kwetu.

Mama yake Georgette alikuja kutoka Bunyakiri kumwuguza mjukuu. Alifunga mlango, akatundika kitambaa chekundu. Hatumtukani. Ni mama aliyezika watoto wake mwenyewe, na anafanya alivyofundishwa. Jumamosi tarehe 6 Agosti, saa tisa mchana, marehemu alifika pale akitoka kazini, akiwa na binti yake Séraphine. Alibisha mara moja, kama kawaida yake.

"Évariste, mutoto anapumua namna gani?"

"Maman, rudia kwako," Évariste akajibu kutoka ndani. "Mama-mukwe amesema iko naendelea vizuri."

"Nakuuliza anapumua namna gani! Mbavu ziko naingia ndani, ao haziingii?"

Évariste akafungua mlango kidogo, akatoka, akaufunga nyuma yake na kusimama mbele yake.

"Hautamuchoma mutoto wangu," akasema. "Ulichoma ule mutoto wa sajenti, mimi nikalipa. Nalipa mpaka leo. Angalia mugongo wangu, maman!"

"Nimeuangalia," marehemu akamwambia. Alikuwa analia, Séraphine anasema hakuwahi kumwona akilia hadharani. "Nauangalia kila siku. Nipige mimi, mwanangu, nipige nitoke damu, lakini nipishe. Ignace nilimuachilia. Huyu simuachilii."

Akampita. Alikuwa na miaka hamsini na sita, bega lilikuwa bado bega. Bawaba ya juu ikatoka. Mama yake Georgette akatoa mchi kwenye ule ufa, akampiga mkononi, vidole vikavunjika, lakini marehemu akawa amekwisha ingiza mguu ndani. Hapo Évariste akamshika blauzi kwa nyuma, akamvuta. Hakumsukuma. Alimvuta, na tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Marehemu akaanguka kinyumenyume kwenye ngazi za mawe, akapiga kichwa upande ule ule wa sikio lililokufa. Évariste mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka barabarani huku anaita, "Maman! Maman!" Wakati anambeba, nyuma yake mlango ulipigwa misumari.

Hospitali ilikuwa imejaa mpaka uani. Alilazwa kwenye mkeka ukumbini, katikati ya watoto wa watu wengine wanaokohoa, na aliwasikiliza kwa sikio lake la kulia akituambia yupi aangaliwe kwanza. Jumatatu alipata nafuu ya kusema. Alituambia, "Musimupige Évariste." Tulikuwa tumekwisha panga kumpiga, lazima tuseme ukweli. Kisha akauliza kama Grégoire ametoka. Akauliza tena, akidhani hatukusikia. Alikufa Jumanne tarehe 9 Agosti 1994, saa nane na nusu mchana, na swali hilo halijajibiwa.

Leo asubuhi Séraphine alikwenda dirishani kwa Georgette. Georgette akamwambia kwa sauti ya chini, "Hanyonyi, hata kulia halii tena. Mbavu ziko naingia. Mwambie Évariste, mimi siwezi kumupita mama yangu. Yeye ndiye mwenye nyumba." Haya si maneno yetu, ni ya mama wa mtoto. Na kuna jambo lingine ambalo wazee wote mnalijua: aliyeshika udongo wa kaburi haingii kwenye nyumba yenye surua mpaka mwezi mwingine uandame. Évariste ndiye mtoto wa kiume wa marehemu, ndiye anayetakiwa kurusha udongo wa kwanza. Akiurusha leo, hataingia kwake tena kabla ya mwezi kuandama, na mlango ule hauna mtu mwingine wa kuufungua. Mtoto hana mwezi. Hana hata wiki.

Sasa, wakwe zetu, mnajua haki ya watu wa Mumosho. Mwanamke wetu akifa kwa mumewe, hashuki kaburini kabla sisi hatujapokea mbuzi na kusema ndiyo. Mbuzi mmemleta, tumemwona amefungwa pale chini, amenona, hatuna ubaya naye. Mrudisheni. Hatutaki mbuzi mwaka huu. Tunataka mtoto. Padri Cyprien atatusamehe, na jua likituchoma tutavumilia. Camionnette iliyomleta marehemu iko barabarani, sista wa dispensari ameketi mbele na dawa mapajani. Kutoka makaburini mpaka Nyalukemba si mbali.

Marehemu ameacha mdogo wake Emérence, anayesoma haya. Ameacha binti yake Séraphine, mkwewe Georgette, na watoto wa Kadutu ambao leo ni wanaume na wanawake wazima na wamejaa hapa. Ameacha mjukuu mmoja, Grégoire, ambaye angali anapumua. Na ameacha mwanawe Évariste, aliyesimama pale penye kichwa cha jeneza, ambaye mama yake alisema asipigwe, na hakuna mkono utakaomgusa.

Évariste, mwanetu, usiushike huo udongo. Kamba tunazo sisi, na tutamshikilia mama yako hapa juu mpaka urudi kutuambia mtoto yuko mikononi mwa sista. Hapo ndipo tutamshusha, na hapo ndipo atapumzika. Nenda.